Kufufua au Kuchinja Mashine

Ufukweni Msasani, upande wa wavuvi, mashine ya boti iliyogoma huja begani. Maji yakishakupwa na vyombo vimekaa mchangani, vijana wawili huifungua kwenye tezi, wakapitisha mti chini ya mabano yake na kuipandisha hadi kivulini, ambako husimamishwa kwenye stendi ya mbao yenye ubao mnene. Wanaoifuata nyuma wanataka jibu papo hapo: inapona au haiponi? Fundi aliyekomaa hajibu. Anauliza, "Ilizama?" Akiambiwa ndiyo, anaongeza: "Imekaa nje siku ngapi tangu mwitoe majini?"

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Mashine ikiwa bado chini ya maji, hewa inayoifikia ni kidogo. Ikitolewa, chumvi iliyobaki ndani hukutana na hewa na joto, na vyuma huanza kuliwa kwa kasi. Beringi za krenki, zile zenye vijiti vyembamba vilivyong'arishwa, huweza kushika madoa ya kutu ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana manahodha huambiwa hivi: mashine ikizama, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, toa plagi, mwaga maji yote, mimina oili kwenye silinda, vuta kamba, iwashe siku hiyohiyo. Na kama huna namna ya kuifungua leo, itumbukize kwenye pipa la maji ya bomba ilale humo hadi kesho. Usiilaze mchangani juani. Ushauri huo wa pipa humshangaza kila anayeusikia kwa mara ya kwanza, lakini ni wa kweli, na umeokoa mashine nyingi.

Nimekuwa nikiwatazama mafundi wa mashine za boti kwa muda mrefu, na ninachokistaajabia kila mara ni namna wanavyoamua. Kufungua bolti, kubadili ringi, kusafisha kabureta, hizo ni kazi ambazo kijana makini huzijua baada ya misimu michache. Kujua kama injini kuukuu irudishwe baharini au ichinjwe iuzwe spea moja moja ni ujuzi wa daraja jingine. Fedha za fundi ziko kwenye kutengeneza, hamu ya tajiri iko kwenye kutengeneza, na vijana wa chomboni wanaomba itengenezwe kwa sababu bila mashine hakuna mgawo. Watu wote wanasukuma upande mmoja. Fundi anabaki peke yake na ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni maneno. Ilizimika ghafla, au ilianza kupunguza nguvu? Ilipiga kelele kwanza? Maji ya kupoza yalikuwa yakiruka pembeni, au yalikata? Oili iliyochanganywa na petroli ilikuwa kiasi gani, na nani aliyechanganya? Mashine nyingi hapa ni Yamaha za tu-stroki, kumi na tano na arobaini, silinda mbili kila moja, na uhai wake umo kwenye mchanganyiko huo wa oili. Nahodha akipunja oili ili kubana matumizi, pistoni hulipa. Sasa nahodha gani atalisema hilo mbele ya mwenye chombo? Fundi mmoja ana desturi ninayoipenda sana. Humwambia tajiri kwa heshima zote, "Mzee, hebu tuagizie chai pale kwa mama," na mzee akishaondoka humgeukia nahodha na kuuliza kwa sauti ya chini. Akirudi mzee na chai, fundi anajua alichohitaji kujua, na hakuna aliyeaibishwa.

Kisha mikono. Anavuta kamba ya kuwashia taratibu, plagi zikiwa bado zimefungwa, akihisi kila silinda inavyokataa na kuachia. Anatoa plagi mbili na kuzilaza kwenye ubao kwa mpangilio, ya juu juu, ya chini chini. Ya rangi ya kahawia inasema moto ulikuwa unaungua vizuri. Nyeusi yenye majimaji ya mafuta inasema petroli inaingia na haiungui. Nyeupe yenye vipele ni ya silinda iliyopata joto kupita kiasi. Ile inayotisha ni plagi safi mno, iliyoosheka huku mwenzake akiwa mchafu: hapo maji yamekuwa yakiingia ndani ya silinda na kugeuka mvuke, na gasketi ya hedi au ukuta wa bloki una tundu.

Baada ya hapo anaziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kumwambia kijana avute. Ana geji ya kompresheni kwenye sanduku lake na ataitumia, lakini gumba hutangulia. Nilidhani anapima nguvu tu. Kumbe anapima usawa. Silinda mbili zilizochakaa sawasawa zinaweza kukurudisha nyumbani misimu miwili zaidi. Moja nzuri na moja dhaifu maana yake kuna kitu mahususi kimeharibika, na kitaendelea kuharibika. Tofauti ya kama asilimia 10 kati ya silinda na silinda huvumilika. Ikizidi hapo, hedi itafunguliwa.

Kabla ya hedi, huenda chini kwenye giaboksi. Analegeza skrubu ya chini kidogo tu na kungoja kinachotangulia kutoka. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo, hutoka kwanza. Oili iliyogeuka nyeupe maana yake sili imechoka na bahari imekuwa ikipita, na sili ni kitu cha bei ndogo. Tone la oili hiyo analisugua kati ya gumba na kidole cha shahada. Likiteleza, gia ziko salama. Likikwaruza, kuna chembe za chuma, na mguu wa mashine nao unaingia kwenye orodha ya mashaka.

Umeme sina la kuurefushia. Koili na sidiai hujaribiwa kwa kuazima kutoka mashine nzima iliyo jirani, na cheche huonekana au haionekani.

Bolti, hata hivyo, zinastahili muda, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona ustadi wenyewe kwa karibu. Bolti za mashine hizi ni chuma, na nyumba zake ni alminiamu. Metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi hutengeneza umeme mdogo kati yake, na alminiamu ndiyo inayoliwa. Huacha unga mweupe unaobana nyuzi za bolti hadi spana isifue dafu. Kwa haraka yake kijana atatafuta bomba refu la kuongezea mpini. Bolti itakatikia ndani, na kila bolti iliyokatika ni nusu siku ya kazi na shilingi juu ya bili. Fundi niliyemtazama aliweka kando bomba. Alimimina dizeli iliyochanganywa na oili, akaondoka, akarudi baada ya swala ya alasiri. Akawasha moto wa gesi na kuuelekeza kwenye alminiamu kuizunguka bolti, si kwenye bolti yenyewe. Alminiamu kwa joto lilelile hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Nyumba hupanuka, bolti hubaki na wembamba wake. Akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi. Akatia spana na kukaza kwanza, unywele tu, ili unga uvunjike, ndipo akageuza kufungua. Ikasema tak. Hiyo inatoka.

Ya tatu haikusema kitu. Ilianza kuzunguka kwa ulaini usio wa kawaida, na hapohapo akaacha. Bolti inayojipinda bila kutoka hulegea mkononi kama utambi, na sekunde inayofuata hukatika. Akairudisha alikoitoa, akaongeza dizeli, na kuhamia ya nne. Ile ya tatu ilitoka kesho yake asubuhi.

Nikaanza kuelewa mpangilio mzima. Kila hatua anayoanza nayo ni ile inayoweza kurudishwa. Kuvuta kamba hakuharibu kitu. Kutoa plagi, kuonja oili ya giaboksi, kuazima koili, yote hayo hurudishwa kwa dakika chache, na tajiri bado anaweza kuibeba mashine yake kwenda kwa fundi mwingine akitaka. Hedi huja baadaye, kwa sababu gasketi ikishafunguliwa ni mpya itakayorudi. Kutenganisha bloki na kifuniko cha krenki huja mwisho kabisa, na kuna mashine ambazo hazifikishwi huko. Hukumu huahirishwa kwa makusudi, hatua kwa hatua, hadi isipowezekana kuahirishwa tena. Wapo mafundi wanaosifiwa kwa kusema "hii imekwisha" kwa kuitupia jicho mara moja. Mimi siwasifu.

Kinachotibika ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Pistoni iliyokwama hulowekwa na kugongwa kwa mti hadi iachie. Alminiamu iliyojipaka kwenye ukuta wa silinda huondolewa kwa asidi ya kusafishia vigae, ambayo hula alminiamu haraka kuliko chuma. Hupakwa kwa kijiti, kidogo kidogo, na kusuuzwa mapema. Kisha kucha hupitishwa ukutani. Kucha isiponasa, silinda inasuguliwa tu na kurudi kazini. Ikinasa, silinda inachongwa na kuwekewa pistoni ya ova saizi, robo milimita, au nusu. Baada ya nusu milimita hakuna tena nafasi ya kuchonga, isipokuwa uweke slivu mpya. Pampu ya maji ni impela ya mpira ambayo ingefaa kubadilishwa kabla haijachoka, na wengi hungoja ichoke.

Krenki ni habari nyingine. Katika tu-stroki hizi krenki ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa presi, konrodi na beringi zake zikiwa zimenaswa katikati. Kuibadilisha beringi moja ya konrodi ni kuibomoa krenki nzima na kuishindilia upya ikiwa imenyooka kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita. Wenye presi mjini wapo; wenye subira ya kunyoosha ni wachache, na krenki mpya bei yake humfanya tajiri anyamaze.

Kisa kimoja kilinifundisha haya kuliko vyote. Ilikuwa mashine ya arobaini, iliyozama usiku wa kusi boti ikiwa nangani, ikatolewa baada ya siku mbili, halafu ikakaa ufukweni siku nne wakati ndugu wakibishana nani atoe fedha. Fundi alifuata utaratibu wake wote. Giaboksi: oili safi, gia laini. Plagi: mbaya, zikabadilishwa. Kompresheni: nzuri, na silinda zote mbili sawa. Kabureta ilisafishwa, umeme ukakaushwa. Akaishusha kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara kadhaa, na mashine ikawaka.

Watu walishangilia. Tajiri, mzee wa makamo, alikuwa ameshatoa simu mfukoni kuwaita vijana wake. Fundi hakushangilia. Aliiacha iungurume polepole, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye kifuniko cha krenki, mahali pa beringi ya chini, na mpini kwenye sikio lake. Akasikiliza. Akahamisha ncha hadi beringi ya juu, akasikiliza tena, akarudi chini. Kisha akampa mzee ile bisibisi.

"Sikiliza mwenyewe, mzee."

Mzee aliinama. Juu, alisema, anasikia mvumo. Chini, anasikia kama kuna mchanga.

"Si mchanga. Ni beringi imeliwa na kutu."

"Lakini si inawaka, fundi? Na umesema kompresheni ipo."

"Ipo leo. Mzee wangu, mashine hii mimi siirudishi baharini na watu chomboni."

Alimweleza kwa utulivu. Beringi hiyo ingeweza kudumu wiki, ingeweza kudumu mwezi. Siku itakapovunjika haitachagua mahali, na mahali penyewe huenda pakawa nje ya Bongoyo kusi likivuma, boti imejaa nyavu, mawimbi yakipiga ubavuni na mkondo ukivuta. Gari likizimika Barabara ya Bagamoyo abiria hushuka wakapanda jingine. Pale nje hakuna kushuka. Kwa hiyo kipimo chake hakikuwa kama mashine inawaka. Kipimo kilikuwa kama itawarudisha watu. Angeweza kupokea fedha ya kuifufua siku ile, mzee angeitoa kwa furaha, na hakuna ambaye angemlaumu hadi mwezi uishe. Sijui sifa kubwa zaidi ya kumpa fundi kuliko kuieleza ile dakika aliyoikataa fedha hiyo.

Na kuwaka kwa mashine hakukuwa kazi bure. Hili sikuwa nimelitambua hapo awali. Mashine inayochinjwa ikiwa hai ina thamani kuliko iliyochinjwa ikiwa mfu, kwa sababu kila spea inayotoka imeonekana ikifanya kazi. Sidiai ilitoa cheche mbele ya mashahidi. Kabureta ilipitisha mafuta. Giaboksi iliingia gia ya mbele na ya nyuma, propela ikazunguka ndani ya pipa. Ndiyo maana alihangaika kuiwasha hata baada ya kuanza kuishuku: alikuwa anaandika hati za ubora za spea zake.

Kuchinja kwenyewe alikufanya kwa uangalifu uleule wa kufufua. Kulifanyika siku ileile, maana bahari iliyobaki ndani haipumziki. Kila bolti iliyotoka ilirudishwa kwenye tundu lake na kukazwa kwa vidole. Giaboksi hakuifungua, aliiongeza oili na kuiacha nzima, kwa kuwa mnunuzi mwenye akili hutaka kuifungua mwenyewe. Kabureta aliimwaga petroli yote isije ikagandisha utomvu. Flaiwili aliivuta kwa kivuta chake, bila nyundo. Bloki na kifuniko cha krenki aliviacha vimefungwa pamoja, kwani viwandani huchongwa vikiwa pacha, na pacha wa mashine moja hakai sawasawa na pacha wa nyingine. Mtu anayezitenganisha ili auze vipande vingi zaidi anauza vipande visivyofaa.

Biashara hii inawezekana Msasani kwa sababu ya wingi na kwa sababu ya subira ya mtengenezaji. Yamaha walianza kutengeneza mashine za kupachika mwaka 1960, na katika familia ya Enduro wanayoiuza kwa wavuvi wa nchi zetu, miundo hubaki ileile kwa miaka mingi. Kumi na tano ya leo na ya zamani bado hugawana spea. Ulaya na Marekani tu-stroki za kabureta zilisukumwa nje ya soko na sheria za moshi katika miaka ya 2000, ilhali huku bado zinanunuliwa mpya. Linganisha na Evinrude, jina lililoanza na Ole Evinrude kule Wisconsin, aliyeanza kuuza mashine zake mwaka 1909. Mwaka 2020 utengenezaji ulikoma. Mwenye Evinrude kuukuu sasa ana akiba moja kuu, Evinrude za wenzake zilizokufa. Fundi akikutana nayo huuliza kwanza kama kuna nyingine ya aina hiyo pwani hii, na jibu mara nyingi humfunga mikono kabla hajashika spana.

Vijana waliopita Mbegani, kule Bagamoyo, kwenye chuo cha uvuvi, huja na vipimo na vitabu, nao wanawakuta wazee wenye bisibisi ya kusikilizia. Nimewaona wakifanya kazi kwenye stendi moja, kijana akisoma geji na mzee akitikisa kichwa au akikubali, na kazi ya namna hiyo ndiyo ningependa iendelee. Mashine za foo-stroki zinazoongezeka zitahitaji wote wawili zaidi: nyingine kasoro zake zimo kwenye kompyuta, na kutu imo palepale kwenye beringi.

Kuhusu ile arobaini, fundi alikumbuka kitu kabla ya jua kuzama. Kunduchi kulikuwa na tajiri mwenye arobaini iliyogonga mwamba maji yalipokuwa madogo. Mguu ulipasuka, kichwa, yaani sehemu ya juu yenye silinda, kikabaki kizima. Alipiga simu. Kesho yake tajiri huyo alikuja na nahodha wake, wakauzungusha mguu kwa mkono, wakaonja oili ya giaboksi vidoleni, wakavutana bei mchana mzima na kuuchukua pamoja na propela. Mzee wa Msasani aliuza pia koili, sidiai na kabureta kwa wavuvi wawili waliokuwa wakizingoja. Bloki na krenki vilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na alminiamu ile itasubiwa sufuria. Fedha yote haikufika bei ya arobaini nyingine. Ilitosha kumi na tano iliyotumika, na fundi alikwenda naye kuikagua, akaanza kwa kuuliza kama iliwahi kuzama.